Ukingo Ulioungua

Kabla sijaja Brussels nilikuwa bibi shamba wilayani Njombe. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa wakulima wa mahindi na kuwahimiza wapalilie mapema, mwenye nguvu kwa jembe, mwenye uwezo kwa dawa. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi kutoka chuoni kwake na karatasi aliyoibandua ubaoni, akaniambia kuna watu wanatafuta mtu wa kuhesabu magugu kando ya mashamba, nilimwomba aisome tena.

"Wayahesabu ili iweje?"

"Haijaandikwa."

"Na anayelipa ni nani?"

"Hilo nalo halijaandikwa. Nenda ukaulize."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Yeye alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, mimi nilikuwa mke wa mwanafunzi, na tulikaa Anderlecht, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilipojisikia. Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia mkate. Nilikwenda hivyo hivyo.

Aliyenipokea alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Ofisini walimwita Daktari, nami nitamwita hivyo hivyo. Juu ya meza yake kulikuwa na mimea iliyokaushwa ndani ya magazeti. Alinifunulia gazeti moja moja bila kusema neno, nami nikataja jina la kila mmea kwa Kilatini, kama nilivyofundishwa chuoni. Mimea kumi na minne, nikakosa miwili. Kilatini kile ndicho kilichokuwa lugha yetu kwa wiki za mwanzo.

Kisha akanieleza kazi, polepole, akichora. Kulikuwa na mbegu mpya ya viazi vya sukari, ile mizizi mikubwa myeupe ambayo Wabelgiji wanatengenezea sukari. Mbegu hiyo ilikuwa imetengenezwa isife kwa dawa fulani ya magugu. Mkulima anasubiri magugu yakue, kisha ananyunyiza shamba zima, na kila chenye ubichi kinakufa isipokuwa zao lake. Walitaka kujua kinachowapata wale wanaoishi kando ya shamba: maua ya mtaroni, nyuki, vipepeo, wadudu weusi wanaotambaa ardhini, na ndege wanaokula mbegu za magugu. Kila shamba liligawanywa nusu mbili. Nusu moja mbegu mpya na dawa yake, nusu nyingine mbegu ya kawaida na dawa zake za siku zote. Vigingi viliandikwa A na B. Sisi wahesabuji hatukuambiwa ipi ni ipi, ili macho yetu yasipendelee.

"Na anayelipa ni nani?" niliuliza.

"Mradi," akasema.

"Mradi wa nani?"

Alitabasamu, akanisogezea mkataba. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba sitamwambia mtu yeyote shamba liko wapi, kwa sababu walikuwapo watu wanaong'oa mimea ya majaribio. Mume wangu alinitafsiria usiku ule, nami nikasaini asubuhi, lakini moyo haukutulia. Nimelelewa na mama aliyekuwa akipima upya kila kilo ya sukari anayouziwa. Mtu akiniambia kitu ni siri kwa faida ya wote, mimi huanza kuwahesabu hao wote.

Wenzangu kazini walikuwa wawili, vijana wa Kibelgiji waliotoka chuo karibuni, wapole, wasemaji wachache. Tulipanda metro hadi mwisho, kisha basi, kisha tukatembea. Watu wengi wa mjini hawaamini kwamba ukitoka kwenye maghala ya Anderlecht, muda si mrefu unakuta ng'ombe. Tulikuwa na mashamba mawili, la viazi vya sukari na la mahindi ya mbegu mpya ya namna hiyo hiyo, kila moja na mkulima wake. Kazi ilikuwa ya magoti. Unaweka fremu ya mbao ya mraba juu ya ardhi, unahesabu kila mche ulio ndani, unaandika, unasogea hatua ulizopangiwa, unaweka tena. Tulifukia vikombe vya plastiki vilivyojaa maji na sabuni, midomo yake sawa na udongo, tukaja kuhesabu wadudu waliotumbukia. Tulisimama kimya kando ya mtaro, saa mkononi, tukihesabu vipepeo wanaopita.

Kufikia mwisho wa Mei, kwenye shamba la viazi vya sukari, nilishajua A ni ipi, ingawa hakuna aliyeniambia. Upande wa B magugu yalikuwa yamepigwa dawa kidogo kidogo tangu yakiwa machanga, yakabaki machache yaliyosinyaa. Upande wa A yalikuwa hayajaguswa. Yalifika magotini. Mengi yalikuwa ule mmea ambao Waflamandi, Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, wanauita mguu wa bata bukini kwa sababu ya umbo la jani lake, wenye vumbi jeupe kama unga upande wa chini, na katikati yake mchicha wenyewe kabisa, ule ule wa nyumbani. Nilijua maana yake. Walikuwa wanausubiri ukue ili waue wote kwa pigo moja.

Sasa nimweleze jirani yangu. Alikaa ghorofa ya tano, chini yetu. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa kule, amenizidi miaka kama kumi na mitano, aliyefika Ubelgiji akiwa mkimbizi na sasa anafanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja ya Waflamandi. Kwa sababu wazee wale hawakutaka kusikia Kifaransa, alikuwa amejifunza Kiflamandi chao, tena cha kijijini. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mudogo wangu. Tangu kiangazi tulipohamia alikuwa akiniletea mboga kila Jumamosi, isipokuwa miezi ya baridi, fungu la mchicha alioufunga kwa uzi. Yeye aliuita lengalenga. Niliula bila kuuliza anaupata wapi. Nilidhani anaununua Matonge, kwenye maduka ya Waafrika.

Jumamosi moja Daktari alituomba tufanye kazi, kwa kuwa wiki ile ilinyesha sana. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya A nilipoinua kichwa na kumwona mwanamke ukingoni, kilemba cha njano, kitoroli cha sokoni pembeni yake. Alikuwa ameinama, anachuma kwa mikono miwili, haraka, kama mtu anayejua anachokichuma.

Daktari alimwona pia. Alisimama kando yangu.

"Unamfahamu yule?"

Nilisema, "Hapana."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, au tuseme najua. Niliogopa ukurasa wa tatu. Niliogopa watadhani nimemwonyesha njia. Jirani yangu aliinuka, akajishika kiuno, akatutazama. Umbali ule haukuwa mkubwa. Aliniona katika buti za mpira, karatasi mkononi, kati ya Wazungu watatu, naandika. Akavuta kitoroli chake akaenda zake bila kupunga mkono.

Jioni ile hakuna mboga iliyokuja. Jumapili nayo ikapita. Jumatatu nilikutana naye ngazini, lifti ikiwa imegoma, na alinisalimu kwa Kifaransa. Alikuwa hajawahi kunisalimu kwa Kifaransa.

Nilishuka kwake. Alifungua mlango nusu.

"Mama, nimekuja kukuomba kitu. Usichume tena kwenye lile shamba."

"Sababu gani?"

"Siwezi kusema."

Alinitazama. "Bon. Weye uliniona, ukaniangalia kama muntu hujui. Leo unakuja kunikataza mboga. Donc ni weye unaandika watu wanaochuma kule? Unabapelekea komine majina?"

"Manispaa hawanijui, mama. Siandiki watu. Naandika majani."

"Majani," akasema. "Wazungu wanalipa muntu aandike majani."

Hata mimi nilikuwa nimeuliza swali lile lile. Nilimwambia tu, "Zile ulizochuma Jumamosi, kama bado unazo, usipike." Nilijua nimekwisha kuvunja mkataba hapo. Akafunga mlango taratibu, na nikasikia komeo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amezipika Jumamosi ile ile na kuzila na dada yake, na kwamba hawakupatwa na kitu, kwa kuwa dawa ilikuwa haijapigwa. Lakini baada ya maneno yangu hawakulala siku mbili, kila mmoja akisikiliza tumbo lake.

Dawa ilipigwa wiki ile. Tuliporudi, A ilikuwa imegeuka njano, na siku chache baadaye ikawa kahawia, huku viazi vya sukari vimesimama kijani katikati ya maiti kama havikuhusika. Nimeona mashamba mengi yaliyopigwa dawa, mengine kwa ushauri wangu mwenyewe. Sikuwahi kuona usafi wa namna ile. Ulikuwa kama ua uliofagiliwa asubuhi ya harusi. Vikombe vyetu vya wadudu upande ule vilianza kutoka na maji matupu.

Niliwaza wanawake wa Njombe waliokuwa wakiniambia mboga za porini zimeadimika tangu waume zao waanze dawa. Nilikuwa nawajibu wapande kabichi.

Pigo la pili lilikuja mwisho wa Juni. Hili ndilo lililoleta maneno. Tulifika siku ya Ijumaa, nami nilipangiwa mstari wa nje, ule unaokwenda kando ya mtaro upande wa A, nje kabisa ya shamba, mahali ambapo hakuna aliyetakiwa kunyunyiza chochote. Nyasi zilikuwa zimeungua. Si nyasi tu, viwavi, yale majani yanayowasha, mbigili, maua ya zambarau ambayo nyuki walikuwa wakiyagombania wiki iliyotangulia, vyote vilikuwa vimejikunja na kubadilika rangi, hadi ng'ambo ya mtaro. Nilipima kwa hatua, kisha kwa utepe. Palikuwa na sehemu kwenye fomu ya kuandika upana wa ukingo ulioungua. Nikaandika. Mahali pa maelezo nikaandika kwamba kuungua kumeelekea upande mmoja tu, kama kitu kilichosukumwa na upepo. Nilihesabu maua. Mstari mzima haukuwa na ua hata moja lililo hai. Nikaandika sifuri katika kila mraba, na kwa tabia niliyorithi kwa mama yangu, nikanakili namba zote katika daftari langu la shule kabla ya kukabidhi fomu.

Mwezi wa Agosti tuliletewa majedwali yaliyochapwa tuyahakiki. Nilitafuta mstari wangu. Mstari wa nje wa A, tarehe ile, ulikuwa na neno moja tu: haukupimwa.

Kwanza nilijishuku mwenyewe, kwamba huenda nilikabidhi fomu vibaya. Nikafungua daftari. Namba zilikuwapo. Kisha nikaanza kumshuku kila mtu mmoja baada ya mwingine: binti anayechapa, vijana wenzangu, Daktari. Wiki nzima nilimtazama Daktari akikata mkate wake wa mchana nikijiuliza mtu mwenye sweta lililotoboka anaweza kununuliwa kwa kitu gani.

Mwishoni niliingia ofisini kwake, nikaweka daftari mezani.

"Huu mstari niliupima."

Alitazama namba zangu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Ndiyo, uliupima," akasema. "Umeondolewa. Mkulima alipiga dawa mtaroni kwa bomba la mgongoni, kusafisha njia kabla ya ziara ya wageni. Hiyo si sehemu ya jaribio. Tukiiweka, tunadanganya."

"Nani kasema alitumia bomba la mgongoni?"

"Niliarifiwa."

"Na nani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Bibi, hizi ni taratibu. Si kila kosa ni njama."

Nilitoka. Maelezo yake yalikuwa na akili, na kama angelitaja jina la aliyemwarifu ningeyaamini. Lakini nilikuwa nimeyaona majani yale. Mtu anayepiga kwa bomba la mgongoni anatembea, anaacha mawimbi, anapiga hapa zaidi na pale kidogo. Yale yalikuwa yameungua sawasawa, makali karibu na shamba, yakififia kadiri yanavyokwenda mbali. Nimewafundisha watu wangapi kupiga bomba la mgongoni?

Njia pekee ilikuwa kumuuliza mkulima. Na mkulima alikuwa Mflamandi mzee asiyesema Kifaransa, au asiyetaka. Nilijua mtu mmoja tu nje ya mradi anayeweza kuongea naye.

Ilinichukua siku tatu kushuka ngazi ile moja. Nilimwambia yote: shamba, mbegu, A na B, ukurasa wa tatu, mstari uliofutwa. Nilimwomba msamaha kwa ile hapana niliyomwambia Daktari. Alinisikiliza amesimama jikoni, mikono imekunjwa.

"Ungesema siku ile ile," akasema. "Mi nilikaa hapa nafikiri weye ni mupelelezi. Nilitoa hata karatasi zangu zote kwenye kabati, nikaziangalia tena moja moja, kama kila kitu iko sawa."

"Nisamehe, mama."

"Bon. Sasa ule muzee, anaongea Kiflamandi ya wapi?"

Tulikwenda Jumapili mchana. Mzee alikuwa uani anafunga kamba kwenye lango. Alituona akaacha kufunga, akachukua uma wa kugeuzia majani makavu, akasimama nao. Alinitambua mimi, lakini alipomwona mwenzangu na kilemba chake akauliza kitu kwa sauti nzito.

"Anauliza kama tumekuja kung'oa," jirani yangu akaniambia. Kisha akamgeukia na kuanza kusema. Sijui alisema nini kwa dakika zile tano. Nilisikia tu sauti yake ikibadilika, ikawa ile anayotumia na wazee wake kazini, ya polepole, ya kutaniana kidogo. Yule mzee aliweka uma ukutani. Baadaye alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuambia mi ndiye mwizi wa magugu yake. Anasema aliniona miaka tatu yote. Alifikiri nachumia sungura."

Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Nilimwomba amuulize kuhusu bomba la mgongoni. Mzee alisikiliza, akainuka kwa shida, akageuka akatuonyesha mgongo, akiupiga kwa ngumi mahali pa kiuno.

"Anasema mugongo yake ilikatwa na daktari mara mbili. Bomba ya kubeba hajagusa tangu mke wake alikuwa hai. Anauliza nani alisema huo uongo."

Sikumjibu hilo. Niliuliza kuhusu siku ile ya Juni. Aliingia ndani akarudi na kitabu kikubwa chenye jalada la nailoni, kile ambamo aliandika kila alichofanya shambani. Alitafuta ukurasa kwa kidole. Jirani yangu alisoma, kisha akarudia kwa Kiswahili, taratibu, mara hii bila mzaha.

"Ameandika: upepo mukubwa kutoka magharibi. Ameandika tena: nilipiga simu nikasema nitangoja. Wakasema hapana, wageni wanakuja Alhamisi, magugu lazima ionekane imekufa. Alors, akatoa trekta."

"Nani alimwambia hapana? Daktari?"

Aliuliza. Mzee akatikisa kichwa. Sauti ya mwanamume kijana, wa upande wa mradi, hakumjua jina. Daktari yeye hajawahi kumpigia simu, alisema, Daktari huja tu na kofia yake kuangalia vipepeo. Kisha akasema jambo jingine, akitutazama kwa zamu kama anayejiuliza kama anafanya vizuri.

"Anasema asilaumiwe yeye peke yake. Anasema mbegu ni nzuri kwa mukulima, kazi imepungua, mafuta ya trekta imepungua. Lakini anasema hii mwaka hakusikia ule ndege ya kuimba juu. Upande wa B alimusikia. Upande wa A, hapana."

Alimaanisha yule ndege mdogo wa kahawia, wa jamii ya kipozamataza, anayepaa moja kwa moja juu akiimba hadi macho yanampoteza. Sikuweza kuiandika habari ile popote. Haikuwa na mraba wake kwenye fomu.

Nilimwomba mzee ruhusa ninakili ule ukurasa. Alifikiri, akaniruhusu, lakini akasimama juu ya bega langu wakati wote nikiandika.

Jumatatu niliweka nakala ile mbele ya Daktari pamoja na daftari langu. Alisoma. Alijua Kiflamandi, kilikuwa lugha ya mama yake. Alirudi juu akasoma tena. Rangi yake ikabadilika kuanzia shingoni.

"Ulikwenda kwake bila ruhusa."

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na jirani yangu." Nikaongeza, "Yule mwanamke uliyeniuliza kama namfahamu."

Alichukua ile nakala na daftari akaviweka ndani ya droo, nami nilitoka nikiwa na hakika kwamba sitaviona tena. Nilimwambia mume wangu jioni ile kwamba nimefanya ujinga, nilipaswa kumpa nakala ya nakala. Daftari lilikuwa limebaki kule.

Vuli ikafika. Tulichukua udongo tukauchambua kwa chekeche, tukihesabu mbegu zilizodondoka. Udongo wa B ulijaa mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Ule wa A unaweza kuchekecha asubuhi nzima ukapata za kujaza ncha ya kidole. Ilipofika Novemba, mavuno yakiwa yameshaondolewa, tulihesabu ndege. Walitua B, wakadonoa, wakaruka makundi makundi, na walipofika A walipita tu.

Lakini sitasema uongo kuhusu mahindi. Kule kwenye shamba la pili, upande niliokuja kuambiwa ni wa mbegu mpya ndio uliokuwa na magugu zaidi, na wadudu zaidi, na nyuki zaidi ukingoni. Dawa ya zamani ya mahindi ilikuwa kali kuliko ile mpya. Nilihesabu mwenyewe, kwa magoti yangu. Nilipolijua hilo niliudhika, kama mtu aliyemshuku mgeni kwa wizi akakuta sahani zote ziko kabatini. Nikajiuliza ni mara ngapi, upande wa viazi vya sukari, nilikuwa nimehesabu kwa moyo badala ya macho. Nilirudia fomu zangu zote. Sikupata kosa, lakini sikujiamini tena kama mwanzo.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Nilipewa nakala moja, nene. Niliipeleka chini kwa jirani yangu, tukaifungua juu ya meza yake ya jikoni, yeye akisoma Kifaransa kwa sauti. Mstari wa nje wa A ulikuwamo. Sifuri zangu zote zilikuwa pale. Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo sana hata ikabidi achukue miwani ya kazini, palikuwa na sentensi moja: kwamba dawa ilipeperushwa hadi ukingoni kutokana na kunyunyiza siku yenye upepo, na kwamba mimea yenye maua iliathirika. Haikusema nani aliamuru. Haikusema wageni wala Alhamisi.

"Ni yote?" aliuliza.

"Ni yote."

"Mi nilifikiri itakuwa mbele, kwa herufi kubwa." Aliirudia sentensi ile, kidole chini ya maneno. "Lakini iko. Hawakuitupa."

Mkataba wangu haukuongezwa. Barua ilisema mradi umepunguza wahesabuji, na ni kweli kwamba mmoja wa wale vijana naye hakurudi. Yule mwingine alirudi. Nimeligeuza jambo hilo kichwani kwa miaka. Kuna siku naamini ilikuwa hesabu tu ya ofisi, na kuna siku siamini hata kidogo. Nilipata kazi kwenye kitalu cha miche nje ya mji, baadaye kwenye bustani za manispaa, na huko ndiko nilikobaki baada ya mume wangu kumaliza masomo na kupata kazi.

Jirani yangu hakuchuma tena kwenye shamba lile, hata majaribio yalipokwisha na mchicha ukarudi ukingoni. Nilimwambia pamekuwa salama, kwa kadiri ninavyojua. Alinijibu kwamba hilo neno, kwa kadiri ninavyojua, ndilo linalomfukuza. Aliomba kipande cha ardhi kwenye bustani za wakazi, akasubiri zamu yake muda mrefu, akapata. Alipanda lengalenga kwa mistari. Majirani zake wa bustanini, Wabelgiji wastaafu, walilalamika kwa msimamizi kwamba yule mama anafuga magugu. Ilibidi niende nikaeleze, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa kimekua na yeye alikuwa na hasira mno hata hakuweza kuongea.

Daktari nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka ya elfu mbili na kumi ikiwa imeshaanza, kituo cha Midi, amekaa na begi dogo akisubiri treni. Alikuwa amezeeka. Alinitambua kabla sijaamua kama nimsalimu.

Tuliongea juu ya watoto wangu, juu ya magoti yake. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba ule mstari wakubwa wa mradi waliukataa mara mbili, na mara mbili aliurudisha, na kwamba herufi ndogo ndizo alizoweza kupata.

"Kwa nini hukuniambia wakati ule?"

"Ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama mikono, miwani, uso. Huenda ulikuwa ukweli mtupu. Huenda pia mtu akizeeka hujipangia historia ambamo alisimama wima. Mstari ulirudi, hilo nalijua kwa macho yangu, na mtu mwenye funguo za ile droo alikuwa yeye.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyetegemea jibu hilo hilo. Treni yake ikatangazwa, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiflamandi. Nilimsaidia kuinua begi, nikangoja hadi alipoingia, kisha nikatoka nje kwenda sokoni.